Siti binti Saad: Miaka Kumi na Saba Kabla ya Sahani

Jina la Siti binti Saad linapotajwa katika darasa la fasihi, mwaka unaokuja upesi katika ndimi za wanafunzi ni 1928. Ndio mwaka ambao yeye na wenzake walivuka Bahari ya Hindi hadi Bombay, wakaimba mbele ya vinasa sauti vya kampuni ya His Master's Voice, na Siti akarejea Unguja na sifa ambayo hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyekuwa ameipata kabla yake: sauti yake ilikuwa imetiwa katika sahani ya santuri. Mwaka huo ni rahisi kuukariri. Mwaka wa 1911 hautajwi sana, ingawa ndio alioingia mjini kutoka shamba la Fumba akiwa na umri wa takriban miaka thelathini, ameachwa na mume, ana mtoto wa kike, hakupata kwenda shule, hana jamaa mwenye cheo, na kazi anayoijua ni kufinyanga vyungu na kuvitembeza. Baina ya 1911 na 1928 kuna miaka kumi na saba, na hakuna sahani hata moja ya miaka hiyo. Makala haya yanaitazama hasa miaka hiyo, maana yamkini ndiyo iliyomfanya Siti kuwa Siti.

Alizaliwa Fumba, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Unguja, karibu na mwaka wa 1880. Asili ya baba yake, Saad, ilikuwa Unyamwezini na ya mama yake Uzigua, yaani nasaba mbili za bara ambazo biashara ya watumwa ilizikutanisha kisiwani. Mtoto alipewa jina la Mtumwa. Ikumbukwe kwamba utumwa haukufutwa kisheria Unguja hadi mwaka wa 1897, wakati binti huyo alikuwa amekwisha kuwa kigori, na hata baada ya hapo aliyetaka uhuru wake ilimpasa aende mwenyewe kuudai mbele ya wakuu wa serikali. Sheria ilibadilika kwa siku moja. Heshima haikubadilika kwa mwendo huo. Kaniki, lile vazi jeusi la watumwa na watu wa mashamba, iliendelea kumtambulisha mtu kabla hajafungua kinywa. Jina lake nalo lilikuwa limekwisha kumtambulisha kabla hata ya kaniki.

Wanawake wa Fumba walikuwa wafinyanzi, na binti Saad akajifunza kazi hiyo kwa mama yake kama ilivyo ada. Ufinyanzi wa pwani haukuwa na gurudumu wala tanuri. Udongo huchimbwa, huchambuliwa mawe na mizizi, hupondwa na kukandwa, kisha chungu huinuliwa kwa mkono na kulainishwa kwa kifuu au kaure. Baada ya hapo mfinyanzi huketi akangoja. Chungu hukaushwa kivulini siku kadhaa, na ukiona kwamba kimekauka nje si hoja, kwa kuwa unyevu uliobaki ndani ndio utakaokipasua motoni. Itakuwa ni kumwonea Siti kuligeuza jambo hili kuwa sitiari nyepesi ya maisha yake, kama zinavyofanya insha nyingi za mitihani. Hata hivyo, si haba kwamba mtu aliyekulia katika kazi hiyo alifundishwa tangu utoto kwamba jicho si shahidi wa kutosha wa jambo lililoiva.

Baada ya kufinyanga kulikuwa na kuuza. Chungu ni bidhaa nzito, yenye bei ndogo, na inayovunjika. Mchuuzi hukibeba kichwani mwendo wa saa nyingi, kijiji hadi kijiji na hata kufika mjini, huku akiinadi bidhaa yake ili mnunuzi aliyemo ndani ya ua ajue kuna nani njiani. Asiyesikika hauzi. Husimuliwa kwamba binti Saad alikuwa akiimba anapotembeza vyungu vyake, na kwamba watu waliitambua sauti yake ingali mbali, wakajua kwamba anakuja kabla hawajamwona. Hapa wasomaji wengi husema: tazama kipaji! Kipaji kilikuwapo, hakuna anayebisha. Lakini tuangalie pia kazi yenyewe. Mtu anayeimba huku anatembea na mzigo kichwani hana budi kuinyosha shingo, kuutuliza mgongo na kuipima pumzi, la sivyo mzigo huanguka au sauti hukatika. Hayo aliyafanya kwa miaka, tangu usichana hadi utu uzima, pasi na mwalimu na pasi na mtu yeyote kuyaita mafunzo. Mapato yake ya kila siku yalikuwa senti chache. Kilichokuwa kikikua hakikuwa katika hesabu ya siku hiyo.

Aliolewa, akazaa binti, akaachwa. Habari hizi wasimulizi huzipita haraka, nasi hatuna haja ya kuziongeza chumvi. Inatosha kusema kwamba mwanamke aliyeachwa, mwenye mtoto, katika mashamba ya Unguja ya wakati huo, alikuwa na njia mbili za kawaida: kuolewa tena au kurudi kwa wazazi. Yeye alishika ya tatu. Mwaka wa 1911, mwaka uleule ambao Sayyid Khalifa bin Harub alishika usultani, binti Saad alihamia mjini.

Mji alioukuta ulikuwa na muziki wake, na muziki huo ulikuwa na wenyewe. Taarabu ilikuwa imeingia Unguja kwa mlango wa kasri. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipendezwa na muziki wa Misri, akawaleta wanamuziki na pia akampeleka kijana wa Kiunguja, Mohamed Ibrahim, kwenda Misri kujifunza. Mwaka wa 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, cha vijana wa mjini walioagiza ala zao kutoka ng'ambo. Ala zenyewe zilikuwa udi, ganuni, fidla, nai na dumbaki. Lugha ya nyimbo ilikuwa Kiarabu, na waimbaji walikuwa wanaume. Wasikilizaji waliojiona wajuzi walijivunia kuelewa Kiarabu hicho, na wasiokielewa walijivunia kuonekana kana kwamba wanakielewa. Kwa maneno mengine, mwanamke mwenye jina la Mtumwa, aliyetoka shamba na anayejua Kiswahili peke yake, hakuwa na nafasi iliyoachwa wazi imsubiri. Lugha, jinsia, asili na ada, vyote vilikuwa vimeifunga.

Mjini alikutana na watu waliomsikia akaimba na wakaona kitu. Mmoja wao alikuwa mwanamuziki stadi, Bwana Muhsini, ambaye alimchukua kuwa mwanafunzi wake, akamfundisha kuimba pamoja na ala na kumfunza Kiarabu. Katika masimulizi mengi sentensi hii moja hutosha, na sentensi inayofuata humpeleka Siti jukwaani. Tusiiruke haraka hivyo.

Kujifunza kasida ya Kiarabu kwa mtu ambaye hakusoma shule maana yake ni kuipokea yote kwa sikio. Hakuna daftari la kurudia nyumbani. Ubeti husemwa na mwalimu, mwanafunzi akaurudia, akasahihishwa, akaurudia tena. Kwanza kuna matamshi: zile sauti za kooni, ain na ghain, na ile ha nzito, ambazo Mswahili wa shamba hakuwa na haja nazo katika kuuza vyungu na kuamkiana. Zikitamkwa vibaya, wajuzi wa baraza hutazamana na kucheka, na maana nayo huharibika. Kisha kuna maqamu, yaani ile mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu ambayo ndani yake mna sauti zilizo nyembamba kuliko hatua za kawaida. Sikio lisilozizoea husikia tu kwamba kuna kitu hakijakaa sawa, lisiweze kusema ni kipi. Kisha kuna kuzifuata ala, kujua pale udi unapotangulia na pale unapomngoja mwimbaji, na kujua kunyamaza. Mchuuzi wa vyungu hupaza sauti ili asikike hadi mwisho wa kijiji. Mwimbaji wa taarabu huketi chumbani na watu walioketi hatua chache kutoka kwake. Sauti iliyomfaa njiani ilimpasa aitawale upya kwa ndani, na kufuta zoea la miaka kumi huenda ni kazi kubwa kuliko kuanza na bila zoea lolote.

Kazi ya namna hii haina siku ambayo mtu aweza kusema, leo nimejua. Siku hadi siku hakuna tofauti inayoonekana. Jirani anayepita kando ya dirisha husikia ubeti uleule aliousikia jana na juzi, na ana haki ya kudhani kwamba hakuna kinachoendelea. Hapa ndipo penye jambo zito katika maisha ya Siti, na ndipo wanafunzi wa fasihi wangepaswa kumsoma polepole. Alikuwa amevunja daraja nyuma yake. Alikuwa na mtoto wa kulea. Umri wake ulikuwa ule ambao wanawake wa rika lake walikuwa wakikaribia kuitwa nyanya, na katika mji huo watu wa umri wake hawakuanza kujifunza. Walifundisha wengine au walinyamaza. Alichokuwa akikiweka rehani ni maisha yenyewe, naye alikiweka juu ya ukuaji ambao hakuna mtu aliyeweza kumwonyesha kwa kidole. Hata lile jina jipya alilopewa mjini, Siti, ambalo kwa Kiarabu ni bibi mwenye heshima, mwanzoni lilimtangulia mno. Ilibidi alikimbilie.

Miaka ikapita juu ya kazi hiyo. Vita Vikuu vya Kwanza vilizuka mwaka wa 1914, na mwezi wa Septemba mwaka huo wakazi wa mji wa Unguja waliamshwa na mizinga ya manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyokuja kuizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, bandarini pao. Vita vikaisha mwaka wa 1918. Bei za karafuu zikapanda na kushuka. Watumwa wa jana na watoto wao wakazidi kuhamia mjini na kujenga upande wa Ng'ambo, ng'ambo ya hori lililoutenga Mji Mkongwe na vibanda vya makuti. Historia rasmi ya miaka hiyo haina habari ya mwanamke aliyekuwa akirudia beti. Ilikuwa na mambo yake.

Kufikia miaka ya 1920 alikuwa na wenzake: Subeti Ambar, Maalim Shaaban, Buda Swedi na Mbaruku Talsam. Kundi hili nalo halikuzuka siku moja. Waliojua ala na aliyejua kuimba walizoeana kwa kukutana usiku baada ya usiku nyumbani kwake Ng'ambo, ambako majirani walikuja kusikiliza na habari za mtaa zilizungumzwa kabla hazijawa nyimbo. Ni katika mazoea hayo ndipo jambo lililoibadilisha taarabu lilipotukia. Siti alikuwa amejitesa miaka kadhaa kukipata Kiarabu cha kasida, akakipata, na wenye kujua wakakiri. Angeweza kutosheka hapo na kuwa mwanamke wa ajabu anayeimba kama wanaume wa kasrini. Badala yake aliutia Kiswahili katika chombo hichohicho. Maqamu yalibaki, ala zilibaki, ustadi wa sauti ulibaki, lakini maneno yakawa ya watu waliokuwa wakisikiliza nje ya dirisha.

Inafaa kuuliza kama angeweza kufanya hivyo mwaka wa 1911, siku ya kwanza alipoingia mjini. Kiswahili alikuwa nacho, na nyimbo za ngoma alikuwa nazo. Wapo wanaodai kwamba alipoteza muda katika Kiarabu, na kwamba laiti angeanza na lugha yake angefika mapema. Hoja hii inavutia, lakini haina mashiko. Nyimbo za Kiswahili zilizoimbwa kwa ngoma zilikuwapo tele kabla ya Siti, na hazikugonga mlango wa kasri. Kilichowafanya wakubwa wakisikilize Kiswahili chake ni kwamba mwimbaji alikuwa amekwisha kuishika sanaa waliyoiita yao, wakakosa pa kumkosoa. Alialikwa kuimba kwa matajiri wa Kiarabu na wa Kihindi, na mbele ya Sultani mwenyewe, na alipokuwa huko alichanganya lugha apendavyo. Uhuru huo aliununua kwa miaka ya kurudiarudia.

Lakini mji haukumwachia apande bila kumvuta mguu. Sifa zake zilipoenea, washindani wake walitunga wimbo wa kumdhalilisha, wakimkumbusha kwamba alikuja kutoka shamba na kaniki zake na kuuliza ni lini amekuwa mtu. Wimbo huo ulishambulia sura yake pia, kwa kuwa alihesabiwa kuwa si mzuri wa uso. Jibu lake, ambalo limekuwa mashuhuri kuliko tusi lenyewe, lilikuwa wimbo. Hakukana kwamba alitoka shamba. Hakudai uzuri. Aliuacha uzuri na nasaba kwa wanaovitaka, akasema kwamba jambo la kutazamwa ni akili. Wachambuzi hupenda kulitaja jibu hili kama mfano wa majibizano katika ushairi wa Kiswahili, na ni sawa, lakini linafaa kusikika pia kama taarifa ya kweli ya mtu kuhusu kilichompata. Sura na nasaba mtu huzaliwa nazo zikiwa kamili. Akili aliyoisema ndiyo iliyokuwa ikikua kwake usiku, pasipo mtu kuiona.

Basi mwaka wa 1928 ukaja. Mwaka mmoja kabla yake, yaani 1927, serikali ilikuwa imefungua shule yake ya kwanza ya wasichana mjini Unguja. Siti alikuwa na umri wa karibu miaka arubaini na nane. Kampuni ya His Master's Voice ilikuwa ikitafuta soko la santuri katika pwani ya Afrika, na wafanyabiashara wake walijua ni sauti gani watu wangeinunua. Kundi likasafirishwa hadi Bombay.

Kuimba kwa ajili ya sahani hakukuwa sawa na kuimba Ng'ambo. Upande mmoja wa sahani ya wakati huo ulibeba kama dakika tatu au zaidi kidogo. Wimbo wa taarabu katika hafla hauna saa. Mwimbaji hurudia ubeti wasikilizaji wakiuomba, ala huchukua nafasi zake, na usiku hurefuka. Bombay hapakuwa na wasikilizaji wa kuomba marudio, hapakuwa na vigelegele, na wimbo ilibidi ukatwe uingie katika upande mmoja au ugawanywe pande mbili. Tena aliyekosea hakuwa na njia ya kurekebisha neno moja. Ilibidi kuanza upya wimbo mzima. Pamoja na hayo, kundi lilirekodi makumi ya nyimbo, na safari nyingine na kampuni nyingine zikafuata katika miaka miwili mitatu iliyokuja. Hapo ndipo miaka kumi na saba inapoonekana kwa mara ya kwanza na watu wa nje. Mtu hajipatii makumi ya nyimbo, kila mmoja na beti zake, maqamu yake na mahali pake pa kupumulia, akiwa ndani ya meli ya kwenda Bombay. Alikwenda nazo.

Sahani hizo ziliuzwa kwa makumi ya maelfu Afrika Mashariki. Zilisikika Mombasa na Lamu, Tanga na Dar es Salaam, na zikapanda bara pamoja na Kiswahili chenyewe. Katika migahawa watu waliketi kando ya santuri na kikombe cha kahawa, wakamsikiliza mwanamke ambaye wengi wao hawakupata kumwona. Kwa wasikilizaji wengi wa Kiswahili, hii ilikuwa mara ya kwanza mashine kuzungumza lugha yao.

Nyimbo zilizowavutia hazikuwa za mahaba pekee. Mwaka huohuo wa 1928 wapangaji wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi ambako nyumba zao zilisimama, na ni jamii hiyo, yenye mdomo na yenye kinyongo na mahakama, iliyomlea Siti kisanaa. Wimbo unaojulikana kwa jina la Kijiti unasimulia kisa cha mwanamume aliyemuua mwanamke mgeni kisha akatorokea bara, ilhali adhabu iliwaangukia wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi. Hakuna gazeti la serikali ya kikoloni lililokiweka kisa hicho katika vinywa vya watu jinsi wimbo ulivyokiweka. Na hapa tena tusisahau: mwanamke aliyekuja mjini na kaniki sasa alikuwa akiwahukumu mahakimu, kwa lugha waliyoielewa wote, na mahakimu hawakuwa na la kumfanya.

Wengi wetu tunamfahamu Siti kupitia kwa Shaaban Robert, ambaye alizungumza naye akiwa mtu mzima sana na kuandika Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka wa 1958. Kitabu hicho ni hazina na kimesomwa na vizazi vya wanafunzi. Bila yake tungekuwa na sahani na uvumi tu. Hata hivyo, Shaaban alikuwa mwandishi wa maadili, na alimtaka mhusika wake awe kielelezo. Kwa sababu hiyo sifa njema za Siti, yaani subira, unyenyekevu na ukarimu, zimewekwa mbele ya msomaji kana kwamba alikuwa nazo zimekamilika tangu Fumba, zikingoja tu fursa. Walimu wetu nao wameziorodhesha ubaoni, nasi tumezinakili. Matokeo yake ni kwamba subira imekuwa tabia ya Siti, mfano wa rangi ya macho, badala ya kuwa kazi aliyoifanya kila siku kwa miaka mingi huku akiwa na sababu nyingi za kuiacha. Tofauti hiyo si ndogo. Anayesoma kwamba Siti alizaliwa na subira hujiambia kuwa yeye hakuzaliwa nayo, akafunga kitabu. Anayesoma kwamba alianza akiwa na miaka thelathini na moja, pasi na elimu, na kwamba miaka kumi na saba baadaye ndipo dunia ilipogeuka kumtazama, hana kisingizio chepesi hivyo.

Isitoshe, neno bahati limetumiwa vibaya kuhusiana na maisha haya. Ni kweli kampuni ilikuja, na kuja kwake hakukuwa katika uwezo wa Siti. Lakini mji wa Unguja ulikuwa na waimbaji wengine wenye sauti, wenye sura nzuri na wenye nasaba. Kampuni ilipouliza, watu walimtaja yeye. Katika miaka ya 1910 wasingemtaja. Hakuwa amekuwa bado.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya utulivu. Soko la santuri lilianguka pamoja na uchumi wa dunia mwanzoni mwa miaka ya 1930, kampuni zikapunguza safari zao, na waimbaji wapya wakajitokeza. Siti aliendelea kuimba nyumbani na katika hafla. Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Mnamo miaka ya 1980, chama cha wanawake wanahabari wa Tanzania, TAMWA, kilichoundwa mwaka wa 1987, kililiita jarida lake Sauti ya Siti, nalo jina hilo halikuhitaji maelezo.

Miongoni mwa waliokuja kumsikiliza siku za uhai wake, alikuwapo msichana aitwaye Fatuma binti Baraka. Hakuwa mwanafunzi wake rasmi. Aliketi, akasikiliza, akazishika nyimbo kwa moyo, Kiarabu chake na Kiswahili chake. Alizunguka pwani miaka mingi akiimba katika ngoma na kuwafunda wari unyagoni, na alikuwa amekwisha kuwa kikongwe wakati watu wa nchi za mbali walipoanza kumwita kwenye majukwaa yao kwa jina la Bi Kidude. Hadi alipofariki mwezi wa Aprili 2013 alikuwa bado akiziimba nyimbo za Siti, na alipoziimba alifuata njia aliyoisikia akiwa mtoto, nje ya chumba ambamo watu wazima walikuwa wakifanya mazoezi.